Laita zinagoma mlimani, kiberiti cha njiti kinaloa. Mnabeba nini cha kuwashia moto porini?

#1 Mchaga_wa_Pwani
Wakuu, habari za jioni.

Mwezi ujao naongoza vijana wa kanisani kwetu kupanda Mlima Meru, halafu tukishuka tunalala kambi ya porini. Jiko na moto nimekabidhiwa mimi. Safari iliyopita, Kilimanjaro njia ya Machame, tulipofika kambi ya Barafu (mita 4,673) laita zote za kubonyeza ziligoma. Gesi haikuwa imeisha, maana tuliposhuka Mweka ziliwaka kama kawaida. Aliyetuokoa ni mpishi. Alikuwa na kiberiti cha njiti, amekizungushia nailoni na kukiweka kifuani, ndani ya sweta.

Nina maswali mawili. Kwanza, kwa nini zinagoma juu? Pili, ukiambiwa uchague vitu viwili tu vya kuwashia, ukijua kuna mvua, upepo na baridi, unachukua vipi? Nataka vya kupatikana Kariakoo, Moshi au Arusha mjini, si vya kuagiza Ulaya.

#2 Kwata_Kavu
Naweka kambi hapa, wajuzi waje.

#3 Stovu_Fundi
Swali la kwanza jibu lake ni baridi. Ndani ya laita kuna butani iliyokandamizwa mpaka ikawa maji. Butani inachemka kwenye nyuzi 0.5 hivi chini ya sifuri. Usiku wa Barafu baridi inapita hapo, kwa hiyo gesi inabaki maji na hakuna mvuke wa kutoka. Dawa yake ni kulala nayo mfukoni upande wa ndani, au uishike kiganjani dakika chache kabla ya kuwasha. Huyo mpishi anaijua kazi yake.

#4 Mpagazi_Marangu
Stovu_Fundi, baridi ipo lakini haielezi yote. Mimi mlima ndio shamba langu. Laita ya gurudumu, ile yenye jiwe, inawaka Kibo Hut (4,720) hata saa sita usiku wageni wanapojiandaa kwenda kileleni. Moto wake mdogo na upepo unauonea, ila unawaka. Zinazogoma ni hizi za kubonyeza, tik tik tik mpaka kidole kinauma. Na zinagoma hata saa saba mchana jua limetoka. Jiko la gesi nalo vivyo hivyo: kile kitufe cha kuwashia wapishi wetu hawakigusi kabisa wakishapita kambi ya Horombo.

Kama ni baridi, ya gurudumu nayo ingegoma. Gesi ni ile ile.

#5 Dada_Maabara
Naungana na Mpagazi. Hiyo nyuzi 0.5 chini ya sifuri ni sahihi ukiwa usawa wa bahari. Ukipanda, kani ya hewa (mgandamizo wake) inapungua, na kimiminika kinachemka kwenye joto dogo zaidi. Ndiyo maana maharage hayaivi mlimani: maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Butani nayo ni hivyo hivyo. Barafu kani ya hewa ni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya Dar, kwa hiyo butani inaendelea kutoa mvuke mpaka kwenye nyuzi 15 hivi chini ya sifuri. Kwa mchana wa Barafu, gesi inatoka bila shida.

Tatizo nionavyo mimi liko kwenye cheche. Laita ya kubonyeza ina fuwele inayogongwa na kinyundo, inatoa umeme wa volti nyingi, na umeme unaruka kutoka kwenye waya mwembamba kwenda kwenye mdomo wa chuma. Hewa ikiwa nyepesi umeme unaruka mapema, kabla haujajikusanya, na cheche inatoka dhaifu. Jiwe la gurudumu halihitaji hewa ya kurukia. Linakwanguka, na vipande vyenyewe vinaungua.

#6 Stovu_Fundi
Dada, hesabu yako naiheshimu, lakini Barafu usiku wa Julai si mchana. Kukiwa na nyuzi 10 chini ya sifuri, hata kama mvuke unatoka, unatoka kwa unyonge. Moto wa laita unategemea gesi itoke kwa nguvu kidogo ili ijichanganye na hewa. Sijabadilisha neno: ipashe kwanza.

Nyongeza kwa mleta mada: usichanganye laita na mtungi wa kambi. Mitungi midogo ya majiko ya kupandia mlima huwa na mchanganyiko wa isobutani na propani. Isobutani inachemka nyuzi 11 na ushee chini ya sifuri, propani 42 chini. Ndiyo maana jiko linafanya kazi wakati laita inasuasua.

#7 Ngazi_ya_Upepo
Mnazunguka. Ni oksijeni. Huko juu hakuna oksijeni, moto utawakaje?

#8 Dada_Maabara
Ngazi, oksijeni ni asilimia 21 ya hewa hapa chini na asilimia 21 kule juu. Kinachopungua ni hewa yenyewe, inakuwa nyepesi. Ila hoja yako ina chembe ya kweli: kitundu cha laita kimepimwa kwa hewa nzito ya chini. Juu, gesi inatoka ile ile na hewa ni pungufu, mchanganyiko unakuwa mzito wa gesi na haushiki vizuri. Zile laita za moto wa bluu unaovuma zinaumia zaidi kwa sababu zinavuta hewa ndani kabla ya kuwaka.

#9 Ngazi_ya_Upepo
Sasa hiyo si ndiyo oksijeni yenyewe? Umekubali kwa mlango wa nyuma.

#10 Dago_Kilwa
Wa milimani mnabishana hewa, sisi wa dago (kambi za wavuvi) tunabishana na maji ya chumvi. Salaam wakuu.

Tukiwa dago visiwani, kitu cha kwanza kufa ni kiberiti cha njiti. Si lazima kilowe. Unyevu wa usiku peke yake unatosha. Na watu wengi wanalinda njiti wanasahau ubavu wa boksi. Siku hizi njiti haiwaki ukiisugua popote. Kichwani kuna kloreti ya potasiamu, na fosforasi nyekundu iko kwenye ule ubavu wa kahawia. Ubavu ukinyonya unyevu unakuwa tope, unakwangua mara mbili unachunika, na njiti zako zote kavu hazina kazi. Mimi nikinunua kiberiti kipya nakata bavu zote mbili kwa wembe, naziweka pamoja na njiti kwenye kichupa cha dawa chenye kifuniko cha kuzungusha. Ndani naweka punje za mchele.

Laita ya jiwe tunayo, lakini jiwe likilowa gurudumu linateleza tu. Hapo usiendelee kukwangua. Ipulize, ikung'ute, izungushe gurudumu kwenye suruali kavu mpaka vumbi la jiwe lililoganda litoke, kisha jaribu. Ikishakauka inarudi kazini, wakati njiti iliyolowa haifai tena.

#11 Mama_Wawili
Mchele haunyonyi unyevu wa maana, kaka Dago. Tumia vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na dawa. Watu wanavitupa.

#12 Dago_Kilwa
Mama_Wawili, mchele wangu unafanya kazi tangu enzi za baba. Kichupa kikifungwa vizuri hata bila mchele kinatosha, labda siri iko kwenye kifuniko. Silika nitajaribu.

#13 Nyuki_Sikonge
Sisi warina asali wa huku Tabora tunachovya vichwa vya njiti kwenye nta iliyoyeyuka. Nta ya nyuki, si ya mshumaa, maana ya mshumaa inapukutika mfukoni. Ichovye ipite kichwa, ishuke sentimita moja kwenye kijiti, iache ipoe. Ukitaka kuwasha, kwangua nta kidogo kwa ukucha upande unaosugua. Ile nta iliyobaki kwenye kijiti inasaidia: njiti inakaa na moto muda mrefu kuliko kawaida, unapata nafasi ya kuusogeza kwenye nyasi.

Lakini Dago kasema kweli kuhusu ubavu. Njiti za nta bila ubavu mkavu ni mapambo.

Na kuna jambo hamjaligusa. Mnazungumzia cheche tu, hamzungumzii kinachopokea cheche. Porini masika laita mpya haikusaidii kitu kama unaiwasha chini ya kuni mbichi. Mimi nabeba kifuko cha magome makavu yaliyopondwa na sufi kidogo.

#14 Mchaga_wa_Pwani
Asanteni sana. Nyuki_Sikonge, hebu fafanua hapo kwenye cha kupokea moto. Nikiwa mjini napata wapi?

#15 Mama_Wawili
Nijibu mimi wa mjini. Chukua pamba ya dukani, ile ya mviringo. Chota mafuta ya mgando, paka upande mmoja wa pamba, kanda kwa vidole mpaka yaingie, lakini acha katikati pakavu. Wengi wanakosea hapo, wanailovanisha yote, na cheche haishiki. Ukitaka kuwasha unaichana ile pamba, unatoa nyuzi kavu za katikati zisimame, unagusisha moto. Nyuzi zinashika papo hapo, halafu mafuta yanaushika moto na unakaa dakika kadhaa hata kukiwa na manyunyu. Kopo dogo la mafuta ya nywele linabeba vipande vya kutosha safari nzima.

#16 Jiko_la_Mkaa
Zamani tulikuwa tunawashia mifuko ya rambo. Sekunde moja mkaa umeshika. Tangu wapige marufuku 2017 tunahangaika.

#17 Mama_Wawili
2017 ni Kenya, Agosti 28. Kwetu Tanzania ni Juni 1, 2019. Na nashukuru ilipigwa marufuku, ule moshi tulikuwa tunaula na ugali.

#18 Kigali_Safi
Rwanda 2008. Tuliwatangulia wote wawili.

#19 Jiko_la_Mkaa
Sawa, masahihisho yamepokelewa. Sasa hivi natumia vipande vya tyubu ya baiskeli. Kipande cha upana wa kidole kinawaka hata kikiwa kimelowa, unakikung'uta maji tu. Kwa porini sijaona mbadala wake.

#20 Mpagazi_Marangu
Tyubu inawaka kweli, ila usiiwashe karibu na chakula wala ndani ya hema. Moshi wake mweusi unashika kooni na sufuria inanuka siku mbili.

#21 Kijana_Karatu
Mnahangaika na vya dukani. Kifaa cha uhakika kuliko vyote ni ulindi na uwimbombo, vile vijiti viwili vya kupekechea moto. Hakiishi gesi, hakina jiwe, hakijui mita ngapi. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanapekecha moto mpaka leo, dakika moja moshi huo. Wamasai nao wana kijiti chao, olpiron, na wazee wa olpiron ndio wanaowasha moto wa kuanzisha rika jipya. Vitu vya wazee wetu tumevitupa kwa laita za plastiki.

#22 Kwata_Kavu
Kijana, umewahi kupekecha wewe mwenyewe ukapata moto, au hii ni chai?

#23 Kijana_Karatu
Nimepata, kwa kupokezana na mwenzangu. Mikono ilitoka malengelenge lakini kaa la moto lilipatikana.

#24 Mhifadhi_Mstaafu
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Kijana wa Karatu nampongeza, hii ni elimu ya kutunzwa. Ila aseme yote. Wanaopekecha kwa dakika moja hawaokoti kijiti njiani. Wanabeba vijiti vilivyokauka miezi, miti waliyoichagua, vimeshapekechwa na vishimo vyake vimeshaungua. Wanavilinda mvua kama wanavyolinda mishale. Na ukishapata lile kaa dogo jekundu kazi haijaisha: unalimimina kwenye kiota cha nyasi laini au mavi makavu ya punda, unapuliza polepole kutoka chini. Ukipuliza kwa haraka linazimika, na ukichelewa linageuka jivu. Kwa vijana wa kanisani waliochoka na kulowa, usikitegemee hiki. Wafundishe kambini siku ya jua.

La pili, na hili nalisema kwa uzito. Mleta mada, ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro kuwasha kuni au mkaa ni marufuku, mnapikia gesi. Moto wa Oktoba 11, 2020 ulianzia eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, na taarifa za mwanzo zilisema wapagazi walikuwa wanapasha chakula. Uliteketeza kilomita za mraba zaidi ya 90 za vichaka na misitu midogo. Watu mamia walipanda kuuzima kwa matawi. Ule uoto wa juu, mierika na majani yake makavu, unawaka kama petroli. Kwa hiyo swali lako la kuwasha liende sambamba na swali la kuzima: maji, koleo, na nani anabaki kulinda. Huko Meru nako waulize askari wa hifadhi langoni kabla ya kufungua jiko popote nje ya vibanda.

#25 Nyuki_Sikonge
Mzee, shikamoo, pokea. Naongezea: na sisi huku TFS (wakala wa misitu) wanatukumbusha kila kiangazi habari za moto kichaa. Mrina asali akiacha mwenge chini ya mzinga, kesho hakuna mzinga wala msitu.

#26 Mlima_Nyeri
Wadau, naingia kutoka upande wa Mlima Kenya. Hapa kwetu ni kama kwenu: juu ya kambi ya Mackinder's, mita 4,200 hivi, laita za kubonyeza hazina maana. Lakini nina sababu yangu tofauti na Dada_Maabara. Usiku umande unaingia pale mdomoni, kwenye ule waya. Umeme badala ya kuruka kwenye gesi unapita kwa maji. Asubuhi nikiipangusa vizuri na kitambaa na kuianika kwa jua, inawaka. Hewa ni ile ile nyembamba, sijashuka hata hatua moja.

#27 Dada_Maabara
Mlima_Nyeri, ukiianika kwa jua umeikausha na pia umeipasha. Hapo Stovu_Fundi atadai ushindi.

#28 Stovu_Fundi
Nadai.

#29 Mpagazi_Marangu
Mbona basi zinagoma saa saba mchana, kavu, jua limewaka? Hilo hamjajibu, nimeuliza tangu posti namba 4.

#30 Goma_Juu
Jambo kwenu. Wakati watalii wanapanda Nyiragongo, tulikuwa tunapandisha makala (mkaa) mpaka juu kabisa, mita 3,470. Mvua ya kule haina ratiba. Kitu tulichojifunza: washa mshumaa kwanza. Njiti moja inawasha mshumaa, mshumaa unawasha kila kitu kingine, tena unaweza kuuinamisha chini ya makala ukadondosha nta pale moto unapotaka kufa. Ukihangaika na njiti moja moja kwenye makala zenye unyevu unamaliza boksi.

#31 Skauti_Moro
Hoja ya mshumaa ni dhahabu. Naongeza kifaa ambacho hakijatajwa: kijiti cha cheche. Ni fimbo fupi nyeusi ya unene wa penseli, unaikwangua kwa mgongo wa kisu na inamwaga cheche za nyuzi kama 3,000. Malighafi yake ni ile ile ya jiwe la laita, mchanganyiko wa chuma na seriamu, uvumbuzi wa Carl Auer von Welsbach wa Austria, hataza ya 1903. Tofauti ni ukubwa tu. Imelowa, ifute, kwangua. Haijali mita wala baridi.

Kasoro yake: cheche haziwashi ukuni, wala karatasi nene. Lazima uwe na pamba ya Mama_Wawili au sufi ya Nyuki. Na mikono ikitetemeka kwa baridi, unaipiga pamba teke na kisu. Shikilia kisu kisitembee, vuta fimbo nyuma.

Kumbe pia laita iliyoisha gesi usiitupe. Ng'oa kile kibati cha juu, zungusha gurudumu polepole juu ya pamba kavu mpaka unga wa jiwe ujikusanye, kisha zungusha kwa nguvu. Inashika.

#32 Kwata_Kavu
Hii ya laita iliyoisha nimeijaribu sasa hivi jikoni. Imeshika. Mke wangu anauliza kuna nini.

#33 Jiko_la_Mkaa
Sanitaiza je? Corona ilituachia machupa.

#34 Mama_Wawili
Inashika moto haraka kwa sababu ya alkoholi, lakini mchana mwali wake hauonekani vizuri. Mtu anadhani umezimika anaongeza nyingine, moto unapanda kwenye chupa. Kwa kambi yenye vijana mimi siiruhusu.

#35 Mchaga_wa_Pwani
Nimeelewa mengi. Mpaka sasa naona nichukue laita mbili za gurudumu (moja mfuko wa ndani, moja kwenye begi la jiko) na njiti zenye nta pamoja na ubavu ndani ya kichupa. Pamba ya mafuta ya mgando na mshumaa havihesabiki kama vya kuwashia, au? Kijiti cha cheche nikikiona Kariakoo nitaongeza.

Swali la mwisho: wawili kati yetu wanatoka Mwanza kwa ndege hadi KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro). Wanaweza kubeba hivi vitu?

#36 Skauti_Moro
Laita moja ndogo au pakiti moja ya njiti, mfukoni mwake mwilini. Si kwenye begi la kupakia chini. Chupa ya gesi ya kujazia laita hairuhusiwi kabisa, na mtungi wa jiko hivyo hivyo. Mitungi nunueni Arusha mkishatua. Waulize shirika lao mapema, mengine yana masharti makali zaidi.

#37 Dago_Kilwa
Laita za gurudumu nunua za jiwe zuri. Kabla hujalipa, zungusha bila kubonyeza gesi, gizani chini ya meza. Cheche zikiwa nyeupe na nyingi, chukua. Zikiwa nyekundu moja moja, acha.

#38 Mpagazi_Marangu
Mchaga, ukiwa Saddle Hut huko Meru (3,570) nifanyie kazi moja. Chukua laita moja ya kubonyeza, ilaze kifuani usiku kucha ikiwa kavu ndani ya nailoni. Alfajiri ijaribu hapo, kisha uijaribu tena ukifika juu kabisa, Socialist Peak, 4,566, bado ikiwa na joto la mwili. Ikiwaka, Stovu_Fundi kashinda. Ikigoma, ni hewa.

#39 Mlima_Nyeri
Na nyingine aiache nje usiku ipate umande, aipashe bila kuipangusa. Bila hiyo umande haujajaribiwa.

#40 Ngazi_ya_Upepo
Bado nasema oksijeni.